Jiwe la Mlangoni

Bibi alikataa kubebwa mara ya pili.

"Mara moja inatosha," alisema. Alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu cha nyuma kabisa ndani ya basi, mikono yote miwili juu ya bakora. "Nimepandishwa humu kama gunia la mkaa. Ndala imenidondoka, watoto wa watu wamecheka mpaka kamasi zimewatoka. Sasa mnishushe hivyo hivyo? Nitakaa humu humu. Nikifa mfunge madirisha."

Mwanawe, ambaye ndiye aliyembeba, alikuwa bado anahema. Mtaa mzima ulimwita Dereva, na hata mama yake mwenyewe alimwita hivyo alipokuwa na hasira naye.

"Mama, ngazi inakuja. Naenda kufuata mbao sasa hivi."

"Jana ulisema hivyo."

"Jana seremala hakuwepo."

"Haya, Dereva. Leo akiwa hayupo, uje uniambie mapema, nianze kuzoea."

Mjukuu wake alicheka. Alikuwa mtoto wa kike mwembamba, aliyeitwa Kifungo kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akiokota vifungo chini ya cherehani ya mama yake na kuvitia mdomoni. Tangu basi lifike kiwanjani alikuwa amejiajiri ukondakta. Alining'inia mlangoni, akapiga bati kwa kiganja. "Nafasi za nyuma zimejaa! Bibi mmoja tu na bado hataki kushuka!"

"Shuka wewe hapo kabla hujang'oa huo mlango," mama yake alimwambia.

Mlango wenyewe ulikuwa umekwisha kung'oka upande mmoja. Hakuna kitu katika basi lile ambacho kilikubali kugeuka nyumba bila ugomvi. Viti viligoma kutoka kwa sababu ya kutu, na Cheche, fundi wa kuchomelea, alipovikata kwa moto alitoboa sakafu mahali pengi. Paa lilivuja kwenye matundu ya taa. Rangi waliyopaka ndani ilibabuka kabla haijakauka. Lakini tajiri wa kampuni ya mabasi alipofunga kazi hakuwa na kingine cha kumpa Dereva badala ya haki zake, akamkabidhi funguo za basi lenye injini iliyokufa, kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Mwenye nyumba waliyokuwa wamepanga alikuwa amewataka watoke mwisho wa mwezi. Kiwanja walikuwa nacho, kidogo, mteremkoni, kilichonunuliwa zamani wakati bado wanaamini watajenga. Wakajumlisha viwili hivyo, wakapata makazi.

Dereva aliteremka. Kabla ya kuondoka alizunguka nyuma ya basi, akayapiga teke mawe mawili aliyoyaweka, moja nyuma ya kila gurudumu la nyuma. Yalikuwa mawe bapa, mazito. Hayakutikisika. Aliridhika, akaenda zake.

Mawe hayo ndiyo pekee yaliyokuwa yakilishika basi. Breki zake zilikuwa za upepo, na basi la aina hiyo upepo ukiisha, magurudumu hujifunga yenyewe. Ili liweze kuvutwa hadi kiwanjani, Dereva alikuwa amelala uvunguni akazilegeza kwa spana. Alinuia kuzikaza tena, lakini bolti mojawapo ilikatika, na kwa kuwa basi lingenyanyuliwa na kuwekwa juu ya matofali siku si nyingi, aliona mawe yanatosha. Juu kule, kwenye usukani, breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Haikuwa imeshika kitu chochote. Aliivuta kwa mazoea tu, kama mtu anavyozima taa chumbani hata umeme ukiwa umekatika.

Mkewe hakujua hayo. Alichojua ni kile alichokisikia kwa mumewe miaka yote ya ndoa yao, mezani na kitandani: kwamba yeye hajawahi kugusa hata kuku barabarani, na kwamba gari likishavutwa breki ya mkono, hata mlima ukitikisika lenyewe halitoki.

*

Mshonaji, mke wa Dereva, alikuwa na lake moyoni, na hakuwa amemwambia mtu.

Alikuwa amepiga hesabu ya basi zima kwa futi yake ya kitambaa. Kitanda chao kitakaa hapa, cha Kifungo kule, jiko nje. Kila kitu kilipata mahali isipokuwa cherehani. Ilibakiwa na mahali pamoja tu, mwisho kabisa, kwenye dirisha kubwa la nyuma, ambako mwanga uliingia mpana na mweupe tangu asubuhi. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na nyuzi nyeusi. Aliona pale angeweza kushona hata sare za shule, kazi ambayo kwenye chumba chao chenye giza alikuwa akiikataa. Lakini mumewe alikuwa amekiacha kiti kirefu cha nyuma makusudi, akakipiga msasa kwa mikono yake, akasema, "Hiki ni kitanda cha mama. Atakuwa anaangalia nje." Mshonaji akajibu, "Sawa, Baba Kifungo." Alikuwa mtu wa kusema sawa.

"Mkwe wangu," Bibi aliita baada ya muda. "Nimebanwa."

"Vumilia kidogo, mama. Anakuja na mbao."

"Mbao hazinihusu. Nimebanwa, nakwambia. Mimi siyo ngamia."

Choo chao kilikuwa bado hakijachimbwa. Walitumia cha jirani wa chini, mwanamke ambaye watu walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mshonaji alitazama umbali kutoka ngazi ya mwisho ya basi hadi chini. Peke yake asingeweza kumbeba.

"Tafuta hata jiwe," Bibi alisema. "Nikipata pa kukanyagia nitashuka mwenyewe. Miguu ni mibovu, lakini bado ni yangu."

Mshonaji alishuka. Kiwanja kilikuwa na mawe mengi, ya mviringo, yanayobingirika. Alizunguka basi, akaliona lile la gurudumu la kushoto, bapa, la kimo kile kile alichokitaka. Alisita. Akapanda tena, akatazama mbele kwenye usukani. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Akaitikisa kidogo ili apate uhakika. Imekaza.

Na katika kusita kule, kabla hajashuka tena, macho yake yalikwenda hadi dirisha la nyuma, kwenye mwanga ulioanguka juu ya mapaja ya mama mkwe wake. Aliwaza kwamba Bibi akitoka, hata kwa kitambo tu, angeweza kuiweka cherehani pale aone inakaaje. Kuona tu. Jiwe lilikuwa zito, lakini aliling'oa kwa haraka ambayo baadaye aliikumbuka vizuri kuliko uzito wake.

Bibi alikanyaga jiwe, akashuka, akasimama wima.

"Ona!" alisema, uso umemng'aa. "Mtu mzima nimeshuka kwa miguu yangu. Asante, mwanangu. Wewe ndiye unayenionea huruma humu ndani."

Akaondoka polepole kuelekea kwa Redio, Kifungo akimfuata na kopo la maji.

Mshonaji alibeba kichwa cha cherehani hadi nyuma ya basi. Akakiweka juu ya kiti kirefu. Alichukua chaki yake ya kukatia nguo, akachora pembe za kibao chake juu ya kiti kilichopigwa msasa. Ilitosha. Ilitosha kabisa, na nafasi ya mkasi ikabaki.

Ndipo Cheche alipofika na nyundo yake. "Shemeji, hodi! Nimekuja kumalizia viti vyenu viwili vikorofi hivi vya mbele." Hakungoja jibu. Akaingia, akapiga magoti, akaanza kugonga bolti. Bati lote lilitetemeka. Mshonaji aliinama juu ya cherehani kuizuia isitikisike, na alipoinua macho dirishani aliona nyumba ya Redio inapanda mlima.

Alidhani ni kizunguzungu. Kisha akamsikia Cheche akipiga kelele, "Linatoka! Linatoka! Shemeji, ruka!" Yeye mwenyewe akaruka. Mshonaji hakuruka. Alikimbia kuelekea mbele, kati ya vitanda ambavyo havijafungwa, na mkono wake ukaishika ile breki ya mkono na kuivuta, na kuivuta tena, huku ikiwa imekwisha vutwa. Nyuma yake kulisikika mlio wa tofali, halafu wa kioo, halafu kukawa kimya.

*

Ukuta wa uani kwa Redio ulikuwa umelala chini, na mlango wa choo chake umebanwa na vipande vya matofali. Walipouvuta, Bibi alitoka mzima, mweupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu, gauni limeshikwa kwa mkono mmoja mbele ya watu wote waliokimbilia pale. Baadhi yao walicheka kabla hawajajua kama ni jambo la kucheka.

"Mnatazama nini?" Bibi aliuliza. "Hamjaona mtu akitoka chooni?"

Kifungo alikuwa analia kwa sauti. Alikuwa amekaa mbali kidogo, kwenye kivuli, akimngoja. Hakuguswa.

Dereva alifika na mbao begani. Hakuzitua, zilimwanguka. Aliwashika mmoja mmoja, mama, mtoto, mke, kama anahesabu abiria, kisha akaingia uvunguni mwa basi. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ni mimi," alisema. "Breki nilizilegeza mimi."

"Lakini uliweka mawe, kaka," alisema Cheche. "Nililiona moja pale kulia. Limesukumwa, limezama kwenye udongo."

"Moja?"

"Kushoto hakuna kitu."

Dereva alitazama mguu wake wa kulia. "Niliyapiga teke," alisema taratibu. "Mawili. Kabla ya kuondoka."

"Ukapiga teke hewa, shemeji!" Redio alipata sauti. Alikuwa amesimama juu ya kifusi cha ukuta wake, mikono kiunoni. "Miaka yote unatutambia hujagusa kuku! Sasa gari bovu, limezimwa, halina injini, nalo limekushinda! Leo umegonga choo! Kungekuwa na mtu mwingine humo ungesemaje?"

Watu walicheka tena. Mshonaji alifungua mdomo, akageuka kutazama juu, mahali basi lilipokuwa limesimama. Jiwe lilikuwa limebaki peke yake katikati ya kiwanja kitupu, mbele ya mlango ambao haukuwepo tena. Mtu yeyote ambaye angetazama upande ule angeliona.

Bibi naye aliliona. Alianza kupanda mteremko, vumbi likimdondoka, akiegemea bakora, akikataa mkono wa kila aliyetaka kumsaidia. Alipolifikia jiwe alijigeuza, akaketi juu yake, akalitandaza gauni lake pana mpaka likagusa ardhi pande zote.

"Nimechoka," alisema. "Niacheni hapa."

*

Basi lilivutwa likarudishwa juu. Dirisha la nyuma halikuwa na kioo tena, wakaliziba kwa magunia. Mwanga ukaisha. Mshonaji alipoingia kusafisha alikuta vioo vimetapakaa juu ya kiti kirefu, vingine vimechoma mbao pale pale ambapo kichwa cha Bibi kingekuwa. Cherehani ilikuwa imeangukia rundo la nguo. Haikuwa na hata mkwaruzo. Aliificha chini ya kitanda kana kwamba ameiiba.

Jioni, Dereva akiwa amekwenda kumwomba radhi Redio kwa mara nyingine, Bibi alimwita mkwewe karibu na jiwe.

"Usimwambie," alisema.

"Mama, siwezi..."

"Utaweza. Nisikilize. Jiwe nililiomba mimi. Wewe umelitoa kwa ajili yangu, kwa huruma yako. Sasa tukisema, atafanya nini? Atakukasirikia wewe, au atanikasirikia mimi, na tutabanana wote humo kwenye bati tukiangaliana. Mwache aone ni lake. Kazi yake hiyo, magari. Atajilaumu kidogo, atasahau. Wanaume wanajisamehe upesi."

*Kwa huruma yako.* Mshonaji aliinamisha kichwa. Hapo ndipo angeweza kusema habari ya dirisha, na chaki, na haraka aliyokuwa nayo. Aliona vumbi bado liko kwenye nyusi za yule mzee.

"Sawa, mama," alisema.

Lakini Dereva hakusahau. Alianza na mawe. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kumjengea Redio ukuta wake, aliuliza akiwa mlangoni, "Mama Kifungo, nimeweka mawe?"

"Umeweka."

"Yote?"

"Yote, Baba Kifungo."

Alikwenda kutazama hata hivyo. Kisha ikawa si mawe tu. Aliuliza kama amefunga mlango ilhali komeo liko mkononi mwake. Aliuliza kama ameshakula. Siku moja Kifungo alimkuta amesimama kando ya barabara na kapu tupu, na mtoto alipomwuliza anangoja nini, alijibu kwamba anajaribu kukumbuka kama alikuwa anakwenda au anarudi. Alisema kwa utani, lakini Kifungo hakucheka, na usiku alimwuliza mama yake kama baba ni mgonjwa.

"Baba yangu alianza hivi hivi," Dereva alimwambia mkewe wakiwa wamelala. Alikuwa akimsema babu wa Kifungo, mzee aliyekufa bila kuyajua majina ya watoto wake. "Alianza na vitu vidogo. Funguo. Kofia. Mimi nilikuwa namcheka."

"Wewe huna kitu. Umechoka tu."

"Nakumbuka nimeyapiga teke yote mawili. Nakumbuka kabisa, hata kidole kiliuma. Sasa kama ninaweza kukumbuka kitu ambacho hakikutokea, Mama Kifungo, nitajuaje ambacho kimetokea?"

Magunia ya dirishani yalipepea. Mshonaji alilala macho, mkono wake juu ya mkono wa mumewe, akijiona kama mtu anayemkanyaga mwenzake na huku anamwuliza anaumia wapi. Kila siku aliyoiacha ipite ilifanya neno lake kuwa kubwa zaidi, mpaka sasa halikupita tena mdomoni. Upande wa pili wa pazia, Bibi alikohoa kikohozi cha mtu ambaye naye hajalala.

*

Msimamizi wa magari ya shule alikuja siku ya Jumamosi, amevaa shati jeupe. Alimfahamu Dereva tangu wote wawili walipokuwa vijana barabarani. Alikuta familia nzima nje. Bibi alikuwa ameketi juu ya jiwe lake akichambua mchele, kwa maana lilikuwa limeshakuwa lake, na alikuwa akimfukuza hata Kifungo asilikalie. Mshonaji alikuwa anapachika vifungo kwa mkono. Redio alikuwa amepanda kuleta malalamiko ya siku hiyo, kwamba ukuta mpya umepinda.

"Nyumba nzuri," alisema msimamizi, akilitazama basi. "Kodi hamlipi, mnalipa nauli?"

Alicheka mwenyewe. Kisha akasema lililomleta. Dereva wao mmoja ameacha kazi. Shule inamtaka mtu mzima, mtulivu, wa kuwachukua watoto asubuhi na kuwarudisha jioni. Mshahara si mkubwa, ila hautakatika. "Nimesema namjua mmoja tu. Watoto wa watu sitampa mtu mwingine. Uanze Jumatatu."

Mshonaji aliona matumaini yanapita usoni mwa mumewe, haraka, kama mtu anayepita dirishani. Ilikuwa kazi iliyobaki duniani ambayo Dereva angeweza kuifanya na kuipenda.

"Nashukuru, ndugu yangu," Dereva alisema. "Lakini hapana."

"Hapana vipi? Unasubiri ndege?"

"Umeliona hilo tundu nyuma? Umeuona ukuta wa huyu mama?"

"Nimesikia. Gari bovu mteremkoni. Inatokea."

"Haikutokea. Nilisahau jiwe." Dereva alikuwa anajitahidi sauti yake ibaki ya kawaida. "Na si jiwe tu. Akili yangu haishiki siku hizi. Muulize mke wangu, kila asubuhi namsumbua. Mtu wa namna hiyo apakie watoto? Siku nitasahau mmoja ndani ya gari, kwenye jua. Tafuta mwingine."

"Angalau anajijua," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza hakulisema kwa ubaya, jambo lililofanya liume zaidi.

Msimamizi aligeuka kumtazama Mshonaji, kama mtu anayeomba msaada. "Shemeji, ni kweli?"

Sindano ilikuwa imemwingia kidoleni na hakuisikia. Aliweka nguo chini. Alikwenda mpaka mbele ya mama mkwe wake, akasimama.

"Mama," alisema. "Naomba usimame."

Bibi alimtazama. Ungo ulitulia magotini pake. "Miguu inaniuma leo," alisema kwa sauti ndogo.

"Naomba, mama."

Kisha Bibi akautua ungo, akaegemea bakora, akanyanyuka. Mshonaji aliinama akalikumbatia jiwe kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto la mwili wa mtu. Alilibeba, akipepesuka, mpaka nyuma ya basi, ambako mumewe alikuwa ameweka tofali mahali pa jiwe lililokosekana. Aliliondoa tofali kwa mguu, akalitua jiwe pale. Liliingia kwenye alama yake ardhini kama mguu kwenye kiatu chake.

"Uliweka mawili," alisema. "Ukayapiga teke yote mawili. Hili nililitoa mimi."

Msimamizi aligeuka kumtazama Dereva.

"Nilimwomba mimi!" Bibi alidakia. "Mwanangu, nisikilize, nilibanwa, hukuwepo. Mimi ndiye niliyetaka jiwe. Yeye amenihurumia tu, kosa lake huruma..."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi hapo. Kilichobaki ni kunyamaza tu, na Mshonaji angetoka akiwa mwanamke mwenye huruma aliyekosea.

"Hapana, mama," alisema. "Nilitaka utoke. Nilitaka niweke cherehani kwenye kiti chako, nione kama inatosha. Ndiyo maana sikutafuta jiwe lingine. Nilikuwa na haraka utoke."

Alilisema akitazama chini, na alipomaliza hakuwa na nguvu ya kuinua macho. Alisikia bakora ya Bibi ikigonga ardhi, mara moja, mara ya pili, ikija.

"Najua," alisema Bibi.

"Unajua?"

"Nilikuta chaki kwenye kiti changu. Mistari imenyooka, ya fundi. Nikaifuta kwa mate yangu kabla mumeo hajaiona." Akaegemea bakora. "Ungesema tu, mwanangu. Mimi ningelala hata upande. Mguu mmoja ndio ninaohitaji kuunyoosha, huu mwingine haunyooki tena."

Hapo Mshonaji alilia. Angependa zaidi kama angetukanwa.

Dereva alikuwa bado amesimama mahali pale pale. Alikuwa anautazama mguu wake wa kulia.

"Kila asubuhi nilikuwa nakuuliza," alisema.

"Ndiyo."

"Nimekwambia habari za baba. Nimekwambia kitandani."

"Ndiyo, Baba Kifungo."

"Na ukanishika mkono."

Hilo halikuwa swali. Dereva aligeuka kwa msimamizi. "Jumatatu saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasorobo, shuleni."

"Nitakuwepo."

Redio alikuwa amekwisha kupata kitufe chake cha kuwashia. "Ala! Kumbe ukuta wangu umevunjwa na fundi cherehani! Na mimi nimekuwa nikimtukana baba wa watu bure!"

"Breki nilizilegeza mimi," alisema Dereva bila kumtazama. "Na sikumwambia mtu. Ukuta ni wangu. Kesho nitaunyoosha."

Kisha akaziokota zile mbao, ambazo tangu siku ile zilikuwa zimeegemezwa kwenye bati na hakuna aliyezigusa, akaanza kutengeneza ngazi. Alipigilia misumari mpaka giza likaingia. Hakuomba msaada, na mkewe alipomletea taa aliipokea, akasema asante, kama mtu anavyomwambia mtu wa njiani.

*

Jumatatu asubuhi Mshonaji aliamka kabla yake. Alipiga pasi shati lake la zamani la kazi, akapachika kifungo kilichokosekana. Alichemsha chai. Kwenye kiti kirefu, Bibi alikuwa amelala amejikunja upande wa ukutani, na nusu ya kiti ameiacha wazi. Mshonaji hakuitazama nusu ile.

Dereva alikunywa chai akiwa amesimama. Alivaa shati, akajifunga vifungo vyote bila kukosea, akapapasa mfukoni, leseni ipo. Alikuwa amenyooka. Alikuwa yule wa zamani, na Mshonaji alifurahi kwa ajili yake.

Alikwenda mlangoni. Mkewe alimfuata, akangoja. Alikuwa ameliandaa jibu tangu alfajiri. Aliona mumewe anasita kidogo juu ya ngazi mpya, mkono kwenye bati, na akashusha pumzi tayari kusema umeweka, Baba Kifungo, yote mawili.

"Mtoto asichelewe shule," alisema Dereva. Akashuka, akaondoka. Hakuuliza.

Mshonaji alimtazama mpaka alipokata kona. Kisha akashuka, akazunguka nyuma ya basi, akainama. Mawe yalikuwepo, la kulia na la kushoto. Aliyapiga teke yote mawili. Akarudi hadi kwenye ngazi, akakanyaga ubao wa kwanza, akasimama. Akashuka, akaenda kutazama tena.